Kanda ya Ufunguzi

Mama Kanda alipewa miaka ishirini na mitano ya kusema ukweli, na yote akaichezea. Asubuhi hiyo zilikuwa zimebaki dakika kumi.

Tuanze na kituo chenyewe, maana watu siku hizi wanaiona redio ile na viyoyozi vyake wanadhani ilizaliwa hivyo. Wapi! Ilianzia vyumba viwili juu ya duka la matairi, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, mlango wa studio unafungwa kwa kamba. Wafanyakazi walikuwa watano. Aliyefungua matangazo siku ya kwanza ni binti mmoja aliyeitwa Chiriku, na jina halikumwonea, kwa sababu alikuwa hafungi mdomo. Dada yake mkubwa ndiye aliyetunza kanda, na ndiye huyu Mama Kanda.

Kanda zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Kwa hiyo likija tangazo la biashara na kanda tupu hakuna, unachukua iliyokwisha kutumika, unarekodi juu yake. Lebo ya boksi haiguswi, kwa kuwa kila mtu aliamini kipindi kilichofutwa kitarekodiwa upya mambo yakinyooka. Mambo hayakunyooka, na rafu zikajaa maboksi yanayosema uongo.

Mwaka wa kwanza haujaisha, Chiriku akalazwa hospitali. Wiki hiyohiyo kampuni ya sabuni ikaleta tangazo, linatakiwa hewani mchana. Mtangazaji hayupo, kanda tupu haipo. Mama Kanda akanyoosha mkono, akashika iliyo karibu, nayo ilikuwa ya ufunguzi, yenye sauti ya mdogo wake. Akakaa mbele ya kipaza sauti akasoma mwenyewe: "Ndugu wasikilizaji, hamjambo? Hii ni redio yenu." Kisha sabuni. Alijiambia Chiriku akitoka Jumatatu watarekodi ufunguzi upya, tena watacheka. Chiriku hakutoka. Aliacha mtoto wa kike wa miezi minane, na Mama Kanda akamlea kama wa tumbo lake.

Mtoto alipoanza kuuliza mama yake alikuwa na sauti gani, angeambiwa nini? Akaambiwa sauti ipo, imetunzwa, siku moja ataisikia. Jamani, mtu anaweza kujichimbia shimo kwa maneno matatu tu! Boksi likafungiwa kabatini, na mtoto akakua, akasoma, akaajiriwa palepale kutayarisha vipindi. Mwaka huu meneja akampa kazi ya kipindi cha historia ya kituo. Jana Mama Kanda alipokwenda kliniki kwa ajili ya magoti yake, binti akaomba funguo za akiba, akafungua kabati.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni na vipokea sauti mkononi, macho yamevimba kwa kulia. Akasimulia kwa furaha jinsi alivyolikuta boksi lenye jina la mama yake, na jinsi alivyoona ajabu kwamba hata siku ya ufunguzi walimsomesha habari za sabuni. Sehemu hiyo ameikata. Salamu ameziacha, na ameziweka kwenye simu yake pia. Akamvisha Mama Kanda vipokea sauti. Mama Kanda akajisikia mwenyewe, msichana, akiwajulia hali watu.

"Mlifanana sauti, Mama Mkubwa," binti akasema. "Kumbe muda wote nilikuwa naisikia ya mama kidogo kidogo kwako."

Mama Kanda akavivua vipokea sauti. Alitaka kusema, Mungu ni shahidi wake, lakini kila neno aliloliokota lilikuwa linamuua Chiriku mara ya pili. Mwishowe akapiga moyo konde.

"Mwanangu, hiyo kanda..."

Meneja akachungulia, akasema muda wa kipindi umefika. Binti akamshika mkono Mama Kanda, akamvuta hadi ndani ya studio, akamkalisha kiti cha mgeni. Taa nyekundu ikawaka. Na taa nyekundu ikiwaka, mtu wa redio hata kikohozi anakimeza. Mama Kanda mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo vijana wote wa pale.

Salamu zikaenda hewani. Mji mzima ukajuliwa hali. Binti akafuta machozi kwa kiganja, akawaambia wasikilizaji kwamba huyo ndiye mtangazaji wa kwanza wa kituo hiki, na ndiye mama yake mzazi, na leo ameletewa dada yake. Akakisogeza kipaza sauti.

"Mama Mkubwa, waambie. Sauti hiyo unaikumbuka?"

Mama Kanda akatazama taa, akatazama uso ule aliouosha tangu una miezi minane.

"Naikumbuka," akajibu, taratibu, akiikwaruza sauti yake makusudi ili isije ikafanana.