Chini ya Kigoda

Mjomba hakuwahi kumuuliza mpwa wake amekula nini, sembuse amesoma nini. Kwa hiyo jioni ile alipovuta kiti mezani na kusema, "Haya msanii wangu, leo mmefundishwa nini?" binti aliacha kijiko hewani. Hii si bure, alijiambia.

Alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha sanaa, ughaibuni, akiishi kwa kaka wa mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa mdhamini wake kwa watu wa uhamiaji. Mjomba alifanya biashara ya "vitu mbalimbali", jibu ambalo mama mtu alilipokea kwa simu bila kuuliza la pili. Sasa mtu huyo, mgumu kama nini, akawa kila Jumamosi anamzungusha mji mzima: maonyesho ya picha, michezo ya kuigiza, kuta zilizochorwa kwenye stesheni ya zamani. Binti alifurahi, uongo dhambi. Mbele ya picha moja ya mwanamke anayefua alisimama mpaka miguu ikafa ganzi, na mjomba akawa anapiga miayo pembeni. Ni kwenye ukumbi wa vinyago tu ndipo mzee alipoamka.

"Na kile kigoda ulichosema mnakichora stoo, kikoje?" aliuliza.

Stoo ya jumba la makumbusho haiingiwi ovyo. Wanafunzi huingia wamevaa glavu, simu wameziacha mlangoni. Penseli tu ndiyo ruksa. Huko hupima, hugeuza, huchora kila mkwaruzo. Binti alipewa kigoda cheusi cha miguu mitatu, kilichochongwa na watu wa kwao enzi hizo, na ambacho picha yake haijawahi kutoka nje.

"Kizuri, mjomba."

"Wewe una mkono wa dhahabu, mpwa wangu. Nichoree na mimi kimoja nikiweke ukutani. Halafu chini yake je? Chini kukoje?"

Hapo machale yakamcheza. Kigoda hukaliwa juu. Anayeulizia chini hana mpango wa kukaa.

Alijua anavishwa kilemba cha ukoka, lakini angesema nini? Nyumba ya mjomba, dhamana ya mjomba. Akimuudhi, anarudi kwao na begi lake, na chuo ndio basi tena. Akachora. Ila kwa woga uliochanganyika na ukaidi, akaongeza kitu ambacho kigoda hakikuwa nacho: chini ya kiti, katikati, mikato miwili iliyopishana, kama ya mtu aliyejaribu kisu. Kama mchoro ni wa ukutani kweli, mikato hiyo haitamdhuru mtu; kama una kazi nyingine, itamfichua.

Basi akaanza kumchunguza mjomba wake kama mwizi. Mlango wa gereji ukawa na kufuli jipya. Koti la mjomba likawa na unga wa mbao mikononi.

"Umeanza useremala, mjomba?"

"Nilimsaidia jirani kabati," alijibu, upesi mno. Jirani mwenyewe walikuwa hawasalimiani.

Jumamosi moja mjomba akamwambia avae vizuri. Wakaenda kwenye duka la vitu vya kale, lenye mazulia mazito na mwenye duka aliyenong'ona kana kwamba kuna mgonjwa ndani. Mteja alikuwepo tayari, daktari mstaafu. Mezani, chini ya taa, kulikuwa na kigoda cheusi cha miguu mitatu.

"Pacha wa kile cha makumbusho," alisema mwenye duka, akakigeuza taratibu. "Mchongaji ni mmoja. Tazameni alama yake."

Mikato miwili iliyopishana. Na pembeni, ndani ya fremu ya kioo, mchoro wa binti. Mtego aliomtegea mjomba ndio huo uliogeuzwa kuwa ushahidi, na yeye ndiye shahidi aliyevalishwa vizuri.

Daktari akamgeukia. Alikuwa na uso wa mtu mwema, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Binti, mchoro huu umeuchora wewe? Cha makumbusho nacho kina alama hii?"

Mjomba alitabasamu, akasema kwa lugha ya nyumbani ambayo wale wawili hawakuijua, "Sema ndiyo, mama, twende zetu."

Binti alimwogopa mjomba, na alijichukia kwa kumwogopa.

"Hapana," alimwambia daktari. "Cha makumbusho hakina alama yoyote. Hiyo niliibuni mimi, mezani kwa mjomba."

Mwenye duka akavua miwani. Daktari alikitazama kigoda, akamtazama mjomba, akachukua kofia yake na kutoka bila kuaga.

Mjomba hakupiga kelele. Alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, kisha akauliza kwa upole, kwa ile ile lugha ya nyumbani:

"Leo utalala wapi?"

Hilo binti hakuwa amelifikiria.