Celestin Alivyoliliwa Nkwenda

Mwaka tisini na sita Celestin alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kusema anamjua. Kamati ya wakazi ilikuwa inakaa Ijumaa, na kila mwenye asili ya ng'ambo ya mto wa mpakani alitakiwa aende na mwenyeji wa kumsemea, mwenye cheo kama yupo. Asiyesemewa apandishwe lori, arudishwe kwao. Kwao Celestin ni Kaisho, hapa kwetu, upande huu wa mto. Aliletwa mgongoni mwa mama yake kabla nchi hii haijapata uhuru, akaachishwa ziwa huku. Mwaka wa vita, sabini na nane, alibeba masanduku ya risasi za jeshi letu kwenye matope, na hakuna aliyemuuliza kazaliwa wapi. Nakumbuka. Wapo wanaolipwa posho ili wasahau. Mimi silipwi.

Nilimwambia amfuate Telesfori, mwenyekiti wetu wa kijiji, ambaye Celestin alimchungia ng'ombe tangu wakiwa ndama. Telesfori akawa hapatikani. Nyumbani ametoka, shambani ametoka, kanisani amewahi kuondoka. Siku ya gulio tukasikia yuko Nkwenda, ndani ya banda la video la Seif. Tukamfuata humo humo.

Banda lenyewe lilikuwa la udongo na bati, madirisha yamezibwa kwa magunia ya kahawa ili mchana uwe giza, jenereta ikikohoa nyuma. Mlangoni alikaa Mwanamisi, shangazi yake Seif, na birika lake la chai. Ukoo wao ulitoka Pangani zamani, na biashara ya nguo. Mwanamisi ndiye alikuwa mfasiri wa sinema. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Aliangalia midomo ya watu inavyokwenda, akatunga, na sinema ikionyeshwa bila yeye watu walidai hela zao.

Siku hiyo ilikuwa sinema ya mapigano na vichekesho. Majambazi wameteka wageni hotelini, na wanaokwenda kuwaokoa ni mpishi mnene na mfagiaji anayeogopa paka. Celestin akakaa benchi la nyuma ya Telesfori, akamwamkia shikamoo, akamnong'oneza shida yake.

Telesfori hakugeuka. "Celestin, niache nicheke kwanza," alisema.

Wakaingia wanaume watatu. Mmoja, mrefu, akaenda kusimama mbele ya televisheni. Banda zima likamfokea atoe kisogo, akaulizwa kama baba yake anauza vioo. Akatoa bunduki kwenye koti. Watu wakazidi kucheka, wengine wakasema Seif ameleta mambo ya mjini. Ndipo alipompiga Seif mdomoni kwa kitako cha bunduki, na tukaona damu, na kicheko kikakatika.

Yule mrefu na mwenzake walizungumza Kiswahili safi, cha bandarini kabisa, kizuri kuliko cha diwani wetu. Wa tatu, kijana mwenye koti kubwa aliyewekwa mlangoni, alizungumza Kinyarwanda, Kiswahili chake cha kuokoteza. Nasema wawili kwa mmoja. Nalirudia hilo kwa sababu baadaye lilisahauliwa na watu wenye akili timamu.

Walikuwa wanasubiri gari la pesa la mnunuzi wa kahawa, ambalo siku za gulio lilifika mchana na kuegesha ghala la ng'ambo ya barabara. Mpaka lifike hatoki mtu. Wakauliza mkubwa ni nani humu, na macho ya watu, bila hiana, yakaenda kwa Telesfori. Akaambiwa yeye ataondoka nao, akae mbele ya gari, ili wasipigwe risasi njiani. Akikorofisha, atashushwa porini. Telesfori akajibu, "Sawa, mzee," ingawa yule mtu angeweza kuwa mwanawe.

Kisha mrefu akamgeukia Mwanamisi. "Mama, fasiri. Na nyie chekeni kama siku zote. Huko nje wasikie mnacheka."

Tukacheka. Sinema ikaendelea, Mwanamisi akafasiri kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo, na kila alipotua tulicheka. Meno yalikuwa nje. Ndani hamna kitu, kama gunia lililokung'utwa. Nilimtazama jirani yangu akicheka huku mate yakimtoka, nikageuza uso, nikacheka tena. Sikuogopa. Nilikuwa nimeshaona vya kuogopa, na hiki hakikuvizidi. Aliyecheka kweli alikuwa yule jambazi mrefu. Mpishi alipokwama dirishani alijipiga paja.

Kupiga kelele kusingesaidia. Kila gulio banda lile hulia kama nguruwe wanachinjwa, na wauzaji wa nje walishazoea.

Celestin akanyoosha mkono. Akamwambia kijana wa mlangoni, kwa Kinyarwanda, kwamba kifua kinambana, anaomba maji. Kijana akamtazama mkubwa wake. Mkubwa akatikisa kichwa kukubali, macho hayatoki kwenye televisheni. Maji hayakuwepo. Mwanamisi akammiminia chai, wakainamiana juu ya kikombe. Walichoambiana sikukisikia. Celestin akarudi mahali pake.

Kwenye sinema mpishi akaanguka.

"Amekufa," akafasiri Mwanamisi. "Jamani, mpishi amekufa."

Na Celestin akaanguka, yeye na benchi lake. Chai ikamwagika, macho yakageuka meupe. Mwanamisi akamshika mkono, akaweka sikio kifuani, akaweka mikono yake miwili kichwani, akalia.

Wenzangu wa mbali hawatajua hilo lilikuwa jambo gani. Kwetu mtu anaweza kupiga ukelele wa mwizi kwa utani, hata wa moto. Kilio cha msiba hakipigwi kwa mtu aliye hai. Mtoto akikiigiza anachapwa, na nyumba hiyo hulala na hofu. Kwa hiyo kikisikika hakuna anayeuliza. Majembe yanalala, maduka yanafungwa. Atakayeendelea kuuza anatozwa mbuzi, na siku yake ya kufiwa atachimba kaburi peke yake. Na Mwanamisi, ambaye dini yake haipendi mayowe msibani, alikuwa ameishi nasi muda wa kutosha. Alilia kwa Kinyambo, lugha ya huku kwetu, alimlilia Celestin kwa jina lake na la mama yake.

Gulio likanyamaza. Halafu likaja.

Kijana wa mlangoni alitaka kuzuia. Lakini mtazame: amesimama mlango wa msiba, kajifunika koti wakati wa jua, anatoka jasho, macho mekundu. Angekuwa nani mwingine kama si mfiwa? Evangelina, muuza ndizi, mwanamke mwenye mwili wake, alimkumbatia wa kwanza. Nyuma yake wakaja wengine. Mfiwa kwetu haachwi amesimama. Wakamkandamiza chini, bunduki ikabaki huko ndani ya koti, chini ya makalio ya wanawake wa Nkwenda.

"Kaa chini, mwanangu," Evangelina akamwambia. "Lia. Usifungie uchungu ndani."

Na yule kijana akalia. Nilimwona. Alilia na mabega. Sijui alikuwa na wafu wangapi alikotoka ambao hakuna aliyemkalisha chini kwa ajili yao.

Wa pili alikimbilia dirishani, akakwama kwenye magunia kama yule mpishi, na mchinja nyama aliyekuja na kisu chake mkononi akamvuta kwa mkanda. Mrefu akafyatua risasi, ikatoboa bati. Mwanamisi akammwagia birika zima. Akiwa anaruka kwa kuungua, maiti ikamshika miguu. Hapo waombolezaji walioona maiti inanyanyuka walikimbia wakipanda juu ya wale waliokuwa wanaingia, na kwa muda hapakujulikana nani anamkimbia nani. Jambazi alianguka kifudifudi. Watu walipokuwa wameshamkanyaga vya kutosha, Telesfori akaja, akamkalia.

Polisi walipofika ndivyo walivyomkuta, mwenyekiti juu ya jambazi, na ndivyo ilivyosimuliwa.

Wiki ile watu walicheka mpaka wakachoka. Celestin hakucheka sana. Mabibi wengine walikuwa hawampi mkono, kwa kuwa alililiwa kilio akiwa mzima. Lakini alikuwa na moyo mwepesi. Aliniambia Telesfori amemwahidi, amemshika bega mbele za watu, amemwita ndugu. Nikamwambia ahadi ya mkubwa ni mvua ya Kaisho, unaiona inanyesha kwa jirani, Mabira. Akasema mimi sina jema.

Ijumaa tukaenda. Kamati ilikaa kwenye darasa, wageni watupu, wametoka mbali kuja kutuambia nani ni mgeni. Mke wa Celestin, Mukandekezi, jina lake lilipita haraka, alizaliwa huku. Mwanamisi akasimama kumsemea Celestin. Akaulizwa babu yake yeye alizaliwa wapi, akaambiwa akae. Nikasimama mimi. Wakasema, wewe tunakujua, na wakatabasamu wao kwa wao. Nikasema yote hata hivyo, masanduku ya risasi, ng'ombe, birika. Mmoja alikuwa anajichokoa meno.

Ndipo akaitwa Telesfori. Akaulizwa kama anamjua mtu huyu.

Alitazama ubao. Nadhani alikuwa ameshajua kabla hajaingia kwamba anayemsemea mtu atawekwa jina lake pembeni ya jina la huyo mtu, na Celestin akikosea miaka ijayo wataitwa wote wawili.

"Namjua," akasema. "Ndiye aliyezungumza nao kwa lugha yao."

Mkuu wa kamati akamgeukia Celestin, akamuuliza kama ni kweli.

"Niliomba maji," Celestin akasema.

Hawakuuliza lingine.

Lori lilikuja kabla kuku hawajatoka bandani. Nilisimama chini, yeye juu kashika ubao wa pembeni. Nilikuwa na maneno mengi, miaka yote nina maneno mengi, na siku hiyo nilimuuliza tu kama amechukua blanketi. Akasema maharage ya juu ya kilima yamekauka, mvua ikiyakuta yataoza. Nikasema nitayaona. Lori likaondoka na vumbi lake.

Jumatatu tukaenda kuvuna, mimi na Mukandekezi. Tulimkuta Telesfori ameshafika shambani, amevua koti, amelitundika kwenye mgomba. Mtu akiondokewa na mume majirani huja kumsaidia, hiyo ni desturi, na Telesfori hajawahi kukosa desturi. Alifanya kazi vizuri kuliko mimi. Aling'oa, akafunga mafungu, akabeba mpaka uani, na mimi sikumwambia lolote. Nilidhani nitasema.

Mchana Mukandekezi akatupakulia ndizi na maharage mapya. Telesfori akanawa, akala. Kisha akaomba chumvi, na Mukandekezi akaenda kuileta.