Swichibodi ya Bi Mwantum

Siku aliyozikwa Bi Mwantum, mpokea simu wa ghala la alizeti pale Chang'ombe, bosi wake Fahadi aliing'oa ukutani swichibodi yake ya kuunganishia simu. Jaha, binti wa marehemu na karani wa ghala hilohilo, aliporudi kazini baada ya matanga aliikuta sakafuni. Hasira zikampanda.

"Mitambo ya kujibu simu sasa iko kwa kampuni ya mbali, tunailipia kwa mwezi," Fahadi alijitetea. "Haichoki, haiugui."

"Unamsema mama yangu? Na wakulima wa Kondoa wanaotupigia simu atawapokea nani?"

"Sauti itawaambia wabonyeze moja, dada."

"Wabonyeze nini? Simu yao kule ni ya kuzungusha kwa kidole, na wewe unajua!"

Hata hivyo, Fahadi hakuirudisha swichibodi.

Siku hizi wakulima wa Kondoa huandika shida zao kwenye karatasi na kumkabidhi kondakta wa basi amfikishie Jaha ghalani.