Gari Lililonunuliwa Bila Kusikilizwa

Kwa miaka thelathini na mmoja mzee yule aliendesha teksi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuzia gari bovu. Si kwamba hawakujaribu. Majirani walimchukua akawakagulie magari, shemeji zake walimkokota mpaka kwenye yadi za wauzaji, na kila mara mambo yalikuwa yale yale. Hakuuliza rangi wala hakupiga tairi mateke kama wanavyofanya wasiojua. Alisema neno moja tu: "Washa." Kisha aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza. Injini ilimweleza umri wake, ulafi wake wa oili na maradhi yote ambayo muuzaji aliyapaka rangi. Akimaliza alisema "chukua" au "twende zetu", na aliyemsikiliza hakujuta.

Ndiyo maana habari ya lile gari jekundu inauma. Hilo alilinunua yeye mwenyewe, kwa picha.

Lakini tusiwe wepesi wa kumcheka. Wiki mbili kabla ya hapo daktari wa macho alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba presha ya macho imeshakula pembeni kote, na sasa inaelekea katikati. Dawa ingeichelewesha, si kuizuia. Alimpa miezi minane, pengine kumi, na kuanzia siku ile asibebe abiria tena. Mzee alirudi nyumbani, akaegesha teksi, akakaa ndani yake mpaka binti yake alipotoka kumwita.

Waliishi wawili tu, yeye na huyo binti, fundi cherehani aliyeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele. Mkewe alishatangulia. Jioni ile, kwenye chai, mzee alimwaga la moyoni.

"Miaka thelathini na mmoja nimepitwa, mama. Na kila mtu. Mpaka malori ya mchanga yamenipita. Nataka siku moja, kabla haya macho hayajafunga duka, nishike gari la mbio lenyewe. Siendi barabarani, usiogope. Kule kwenye uwanja wa zamani wa ndege, wanakojifunzia watu udereva. Peupe, mchana, hakuna mtu."

"Sasa hakuna mtu, utampita nani?"

"Nitajipita mwenyewe."

Binti alicheka, kisha akajifanya anatafuta sukari.

Teksi ikauzwa. Wakala wa magari ya nje, kijana wa suti na maneno matamu, akamwonyesha picha kwenye simu. Gari la spoti, milango miwili, jekundu la kung'aa, taa za mbele zinazofumbuka zenyewe kutoka kwenye boneti. Limetembea kidogo sana, alisema, lilikuwa la bwana mmoja mzee wa huko ng'ambo aliyelitoa siku za mapumziko tu. Bei ilikuwa ya chini mno. Mzee, aliyewaonya watu maisha yake yote kuhusu bei za chini mno, aliisogeza simu mpaka karibu igonge pua, akaitazama kwa lile tundu dogo la kuonea alilobakiwa nalo.

"Baba, si usubiri ulisikie kwanza?" binti alimuuliza. "Zipo yadi hapa hapa mjini."

"Nikisubiri nitaishia kulisikia tu. Mimi nataka nilione."

Meli ilichukua miezi mitatu na forodha ikala mmoja. Siku gari lilipoteremshwa mbele ya nyumba, mtaa mzima ulitoka. Na lilikuwa zuri, tusiseme uongo. Mzee alilizunguka akilipapasa, machozi yakimlengalenga, na binti yake hakuwa amemwona na furaha namna ile tangu msiba wa mama yake. Walipobonyeza swichi ya taa, moja ilifumbuka na nyingine ikagoma.

"Tumefanana!" mzee alisema, na watu wakaangua kicheko.

Kisha akaingia, akawasha, akainamisha kichwa na kufumba macho. Kicheko kilimtoka usoni. Ndani kabisa ya mngurumo ule, chini, kulikuwa na mlio wa kugonga wa taratibu, kama kijiko kinachogonga sufuria. Alijua siku ile ile. Hakumwambia mtu. Alizima, akasema amechoka, uwanjani wataenda kesho.

Kesho yake halikufika hata mwisho wa mtaa. Liligonga mara tatu, likatoa moshi, likakwama katikati ya njia, na vijana wa gereji wakalisukuma kulirudisha. Fundi wao, mtu wa makamo ambaye wote walimwita Daktari kwa sababu alipima injini kwa bisibisi ndefu aliyoibana sikioni, aliinua zulia la sakafuni akachungulia. Chini yake kulikuwa na tope laini lililokauka, na mstari wa maji ulipita juu ya pedali.

"Mzee wangu, hili lilizama," alisema. "Mafuriko. Wakalikausha, wakalipaka rangi, wakarudisha namba za kilomita nyuma."

Simu ya wakala ikawa haipatikani. Ofisi yake, walipoifikia, ilikuwa saluni.

Basi ukaanza msimu wa kusubiri vipuri. Cha kwanza kilikuja cha gari jingine. Cha pili kilikuja sawa, na kilipofungwa ndipo Daktari alipogundua kwamba kilicho chini yake nacho kimeoza. Kila kipuri kilitoka ng'ambo, na kila kimoja kilikula wiki. Mzee hakuwa na wiki. Kwanza aliacha kuwaona watu wanaotokea ubavuni. Kisha chai ikawa inamwagikia kwenye sahani. Kila asubuhi alitoka na ndoo akaliosha gari lile lisilotembea, na mwezi wa tisa tangu kauli ya daktari wa macho, binti yake aliona kwamba analiosha kwa kupapasa, akirudia mlango mmoja mara mbili huku mwingine ukibaki na vumbi. Alirudi ndani, akakaa kwenye cherehani, asishone kitu.

Tangu siku hiyo cherehani haikupumzika. Mzee aliisikia kuanzia alfajiri, ikikimbia kwa kasi isiyo ya kawaida, na akajua binti amepokea kazi kuliko uwezo wake. Alipouliza, aliambiwa shule zinafunguliwa.

Kisha asubuhi moja akashikwa mkono. "Baba, vaa koti. Injini imepatikana."

"Injini gani?"

"Yake yenyewe. Ileile ya huko ng'ambo. Daktari ameshaifunga."

Mzee alisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka. Kwa macho yake sasa ulimwengu ulikuwa mwanga tu nyuma ya pazia zito, na alijua hatashika usukani. Alishalimeza hilo peke yake, kidogo kidogo. Lakini kukaa ndani, kulisikia likifunguka, hilo bado lilikuwa lake. Waliliburuta gari mpaka uwanja wa zamani wa ndege nyuma ya gari la gereji. Akaketishwa upande wa abiria, binti akashika usukani.

"Washa," mzee alisema.

Akainamisha kichwa, akafumba macho ingawa hapakuwa tena na haja.

Aliitambua kabla haijatulia. Kile kikohozi kifupi cha kuamkia, ule mlio wa vali unaotangulia kidogo, ile pumzi ya uvivu. Ilikuwa injini ya teksi. Si ile aliyoiuza, lakini dada yake, tumbo moja. Kwa miaka thelathini na mmoja ameamshwa nayo, amelishia mtoto nayo, amempeleka mkewe hospitali nayo akampoteza. Hakuna injini duniani ambayo masikio yake yalitaka kupumzika nayo kuliko hiyo. Kitu kilimvunjika kifuani, na kilimuuma kweli kweli.

Kando yake binti alikuwa ameshika pumzi. Mzee alinyoosha mkono, akaupata wa binti yake kwenye gia, akazihisi ncha za vidole vilivyotobolewa na sindano.

"Ehee," alisema. "Hiyo ndiyo injini."

Binti aliachia pumzi, akakanyaga mafuta. Gari lilitikisika, likaanza kukimbia juu ya lami ya zamani. Maungio ya lami yaligonga chini ya matairi, na mzee akaipima kasi kwa kuyahesabu, kama alivyozoea. Arobaini. Arobaini na tano. Injini ilianza kuhema, na akajua hapo ndipo mwisho wake.

"Mia na ishirini, Baba!" binti alipaza sauti, na sauti ilikuwa na machozi. "Mia na arobaini!"

Mzee alishikilia dashibodi kwa mikono yote miwili, akajibana kwenye kiti.

"Punguza, mama," alisema. "Punguza, utatuua."