Changarawe Mpya

Mtalimbo ulizama ardhini kama unaingia kwenye uji. Lomayani aliuchomoa, akasogea hatua mbili, akadunda tena. Pakazama. Juu changarawe ya uwanja wa ndege ilikuwa mpya, imeshindiliwa vizuri. Chini yake hakukuwa na kitu.

Sababu aliijua. Masika maji yalipita chini kwa chini yakala udongo wa majivu ya volkano, na mkandarasi akaziba mdomo wa shimo bila kutafuta tumbo lake.

"Afande, hapa pana shimo," alimwambia Kapteni Nasri, aliyekuwa anashuka kwenye gari.

"Shikamoo mzee. Ulishaniambia jana."

"Marahaba. Na juzi pia."

"Uwanja umekaguliwa, cheti ninacho."

"Hicho cheti hakijakanyaga hapa."

Kapteni alicheka kwa adabu. "Mzee wangu, wewe shughulika na nyasi. Binti, rubani wetu, ameshapaa. Mtoto wa Sekei huyo, hapo mjini, miaka ishirini na mbili, leo anarusha ndege peke yake! Saa nne anatua hapa." Akapanda gari, akaenda upande wa pili kupokea wageni waliokuja kuona uwanja ukifunguliwa upya.

Lomayani alibaki amekaza meno. Uwanja huu baba yake aliusawazisha kwa jembe na karai, miaka ya sabini, vijana walipoletwa kujifunza kutua na kupaa, kutua na kupaa, mpaka watu wa Oldonyo Sambu wakachoka kutazama juu. Kisha ndege zikakoma. Lomayani akaachiwa panga, mtalimbo na amri moja: mnyama asikanyage. Kwa miaka ishirini na sita hakumwonea haya mtu, hata ndugu zake. Na kila asubuhi alitembea uwanja mzima akidunda, kwa sababu ndivyo baba alivyofanya.

Alitazama jua. Akaanza kukimbia kuelekea ua wa miiba, jirani yake Namnyaki alikokuwa anachunga ng'ombe.

"Mama Lucky, nipe ng'ombe wako."

"Nani, wewe? Mwezi uliopita ulimfunga ndama wangu kutwa nzima kwa majani matatu!"

"Waingize uwanjani. Wote."

Namnyaki alimkagua kama mgonjwa. "Umekunywa nini asubuhi hii?"

"Kuna mtoto wa watu angani, na ardhi imeoza. Nimesema, nimesema, hakuna anayesikia."

"Watakufukuza kazi."

"Wafukuze."

Namnyaki aliwageukia ng'ombe wake. Alipiga mluzi.

Ng'ombe waligoma kwenye mstari wa mawe meupe. Fimbo ya Lomayani ilikuwa imewafundisha. Ikabidi awasukume kwa bega, akiwabembeleza kwa Kimaa, uso ukimwaka kwa aibu. Walipofika katikati, mngurumo ulisikika kutoka begani mwa Mlima Meru. Ndege ilishuka, ikashuka, matairi yakaonekana. Kisha ikanguruma kwa nguvu na kupanda, upepo wake ukilaza nyasi na masikio ya ng'ombe.

Gari la kapteni lilikuja likipiga honi. Akaruka chini kabla halijasimama vizuri, akaja mbio.

"Mzee! Una wazimu? Ondoa hao wanyama!"

"Simama hapo hapo, afande! Shimo liko mbele yako!"

Hakuna mtu aliyewahi kumsikia Lomayani akipaza sauti hivyo. Kapteni alisimama, mguu mmoja mbele. Ndege ilikuwa inazunguka kurudi. Akaitazama, akamtazama mzee, kisha akainamisha macho kwenye changarawe iliyotandazwa kati yao, laini, isiyo na ufa hata mmoja.