Diwani Msumari na Viatu vya Mlangoni

Kabla hajawa diwani alikuwa fundi viatu, na kwa miaka kumi na minane aliitazama dunia kutoka chini kwenda juu. Uso wa mtu angeweza kuusahau jioni hiyohiyo, lakini kiatu, thubutu! Watu walimwita Msumari, na jina hilo ndilo lililomwingiza kwenye baraza la mji. Wenzake waliomba kura kwa vipaza sauti. Yeye aliinamisha kichwa tu, akauliza, "Dada, hicho cha kulia bado kinakubana?" Basi, dada kwisha habari yake. Akawa diwani vipindi vitatu, na kibanda chake hakukifunga. Malalamiko ya kata yalimfikia humohumo, pamoja na soli zilizobanduka.

Sasa alitaka kupanda. Kiti cha Bunge la Jimbo kilikuwa wazi, na chama kingemchagua mgombea wake Jumamosi asubuhi, sebuleni kwa mwenyekiti. Wajumbe kumi na mmoja. Watano walikuwa wake, watano wa mwanasheria mmoja mwenye tai ndefu. Wa kumi na moja alikuwa Mwalimu Mkuu mstaafu wa kata ya jirani, mama mkali asiyependelea mtu. Msumari hakuwahi kumwona. Viatu vyake tu ndivyo alivyovijua, vya kahawia, vinaletwa na mpwa wake na kurudishwa na mpwa wake.

"Huyo mama ndiye kiti chako," mkewe alimwambia akimnyoosha kola. "Adabu, baba. Mizaha yako iache hapa."

"Nitajua kama yumo kabla sijapiga hodi."

"Utajuaje? Umeanza uganga?"

"Mama mwenye nyumba ana zulia jipya. Viatu vyote vitakuwa nje."

Kweli, vilikuwa nje. Msumari akasimama mlangoni akivisoma kama gazeti. Sandali za shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza saruji na mabati: kura hiyo. Raba za kinyozi: kura. Vile vyeusi vya ncha kali vya mwanasheria, shari tupu. Vya kahawia havikuwepo. Pembeni palikuwa na kandambili za buluu, za bafuni, nazo akaziruka kwa macho. Nani anakwenda mkutanoni na kandambili?

Moyo ukatua. Hotuba aliyoiandaa kwa ajili ya mwalimu, yenye elimu kila mstari, akaiacha mfukoni.

Ndani, kwenye pembe, alikaa bibi mmoja miguu kaipandisha juu ya kigoda. Msumari akadhani ni mama yake mwenyekiti. Akamwamkia vizuri, akaitikiwa vizuri, akasimama katikati ya zulia.

"Ndugu wajumbe, msiogope kunikosoa. Mimi nimekosolewa na mabingwa! Kuna Mwalimu Mkuu mmoja, leo hayupo, bahati yangu. Nilimpigilia kisigino, kiatu kikarudi. Nikapigilia, kikarudi. Mara tatu! Nikaanza kudhani kile kiatu kinaniposa."

Alingoja kicheko. Shemeji akakohoa. Mwenyekiti akatazama dari. Mwanasheria akatabasamu kama paka aliyekuta jiko wazi.

"Mara nne," akasema bibi wa pembeni.

"Naam, mama?"

"Kilirudi mara nne. Ya nne nilikuja mwenyewe, ukawa uko barazani. Leo miguu imevimba, nimekuja na kandambili. Haya, endelea, mwanangu."

Msumari akatamani zulia limfunike.

"Kwa nini kilikuwa kinarudi?" mwalimu akauliza, sauti ya darasani kabisa.

"Nilipigilia juujuu, mama. Kisigino kilikuwa kimeoza ndani. Dawa yake ni kufungua soli, na ukifungua soli mwenyewe anakaa wiki nzima bila kiatu, ananuna."

"Na mtaro wa barabara ya sokoni? Nao umejengwa mara ngapi?"

Mtaro! Ulikuwa kwenye mabango yake yote, yeye kasimama kando na koleo jipya. Neno "linashughulikiwa" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Miaka yote halikuwahi kumwangusha. Mwanasheria alishafungua kalamu. Lakini mficha uchi hazai.

"Mara tatu," akasema. "Na masika ikija utaziba tena. Bomba la chini limekufa, nalijua tangu kipindi cha kwanza. Kulitoa ni kufunga barabara mwezi mzima. Kila mwaka nasema, tupite uchaguzi kwanza."

"Uchaguzi ni lini?"

"Miezi minne."

"Na barabara?"

Msumari akainua macho, akawatazama usoni mmoja mmoja, jambo lisilo kawaida yake.

"Jumatatu naanza kufunga."

Mikono ikaombwa. Ya kwake ikapanda minne. Shemeji mikono yake yote miwili alikuwa kaikalia. Mwalimu akainua wake, mitano. Halafu muuza mboga, mtu wa mwanasheria tangu lini sijui, mama ambaye maji ya mtaro humfagilia meza kila masika, naye akainua. Wajumbe sita kati ya kumi na mmoja.

Mkewe alikuwa akingoja getini. "Umepita?"

"Nimepita."

"Mbona kaka yangu kanuna hivyo?"

"Muulize duka langu linatazama wapi!" shemeji akafoka akitokea nyuma. "Mwezi mzima, shemeji! Saruji nitaiuza kwa njiwa?"

Msumari akaeleza yote. Mkewe akashika kiuno. "Sasa watu umewafungia barabara, nani atakupa kura ya jimbo?"

"Sijui, mke wangu. Huenda asinipe mtu."

"Usikae na hiyo huenda. Twende tukawaambie sasa hivi, duka kwa duka, wasije wakaisikia kwa yule wa tai."

Wakaanza na duka la vitambaa. Mwenye duka aliposikia neno kufunga, aliketi. Msumari naye akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Nitukane kwanza, mzee wangu," akamwambia. "Halafu tuzungumze."