Miti ya Makumbi

Bi Sitara binti Sadalla hakuwahi kumheshimu mpangaji wake, wala hakuona sababu ya kumficha hilo. Melkiori alikuwa karani wa reli, kijana wa Kilimanjaro, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe, na Kiingereza alichokitembeza barazani kama mtu anayeonyesha saa mpya. Alipanga chumba cha uani kwenye nyumba ya Bi Sitara, Gerezani, nyuma ya karakana za reli. Jioni moja ya mwaka hamsini na sita alirudi kazini na kikapu cha vijiti na bakuli la gundi, akalaza ubao juu ya meza ya ukumbini, akaanza kupanda msitu.

"Nini hicho?" Bi Sitara aliuliza.

"Miti, Bi Sitara. Tunatengeneza mfano wa reli kwa ajili ya maonyesho ya Mnazi Mmoja. Kigari moshi kidogo kitazunguka juu ya meza kubwa, na stesheni zake, na vilima vyake. Mzungu wangu amenikabidhi mimi upande wa miti."

Bi Sitara alimtazama kuanzia viatu mpaka paji la uso. "Amekukabidhi miti. Umesoma mpaka macho yakataka miwani, ukapewa kubandika vijiti. Mtu mzima na kigari cha kuchezea!" Akasonya, akaenda zake jikoni.

Gundi ile ilikuwa ya unga wa ngano. Kulipokucha mende walikuwa wameila yote, na msitu wa karani ulikuwa umelala chali. Bi Sitara aliuona kwanza. Hakumwamsha, alimwita jirani yake Waridi, wakasimama pale wakicheka huku wameziba midomo kwa kanga.

Melkiori akaleta gundi ya maseremala. Hiyo mende hawakuitaka, lakini joto la Dar es Salaam liliilegeza, na alipoutikisa ubao kama kigari moshi kitakavyoutikisa, miti ikainama kama walevi wanaorudi kutoka kilabuni. Aliinyoosha. Ikainama tena. Kila jioni alikuwa pale, jasho likimdondoka juu ya vilima, akinong'ona Kiingereza.

Bi Sitara hakumsaidia kwa huruma. Alikuwa msusi wa mikeka, na kuona kazi mbovu mbele ya macho yake kulimwasha kama upupu. Jioni moja alimsukuma pembeni kwa kiwiko.

"Hebu toka. Nani alikwambia mti unabandikwa?"

Alichomoa chelewa kwenye ufagio, akaizungushia makumbi ya nazi aliyoyachovya kwenye rangi ya kijani ya ukili wa mikeka yake. Akautoboa ubao kwa shazia, sindano yake kubwa ya kushonea mikeka, akaipitisha chelewa mpaka ikatokeza chini. Kule chini akaipasua ncha, akazitanua pande zake kama vidole vya kuku, akazishona kwa uzi. Melkiori aliutikisa ubao. Akaupiga ngumi. Mti haukujali.

"Bi Sitara," alisema, "naomba uje karakana."

"Mimi? Nije kumchezea Mzungu wako?"

Lakini alienda. Alijitanda buibui, akamwambia Waridi anaenda kuwafundisha wasomi kazi. Kila baada ya adhuhuri alikaa kwenye banda la bati, mbele ya meza pana kama ua, akatoboa na kushona mahali Melkiori alipoweka alama za chaki. Meza ilikuwa nyeupe kwa chokaa, reli zimeshatandazwa, lakini majumba na vibao vya majina vilikuwa bado havijawekwa. Kwake ilikuwa meza tu yenye matuta. Kwenye kona moja alama za chaki zilikuwa zimesongamana.

"Hapa unataka msitu wa Pugu?"

"Hapa iwe mizito kidogo," Melkiori alijibu, akainama kutafuta chaki ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Siku moja Mzungu wa Melkiori, wa ofisi ya ramani, aliingia, kaptura nyeupe na soksi za magotini. Alimpita Bi Sitara kama anayepita kiti, akashika mti mmoja, akauvuta. Haukutoka. Akacheka, akasema neno.

"Anasemaje?"

"Anasema kazi nzuri sana."

Bi Sitara alibetua mdomo kana kwamba sifa ya mtu yule haina uzito. Hata hivyo alimsimulia Waridi mara mbili njiani kwenda sokoni Kariakoo, na mara ya pili Mzungu alikuwa amevua kofia.

Siku ya maonyesho Bi Sitara na Waridi walivaa kanga mpya. Uwanja wa Mnazi Mmoja ulijaa watu, na chini ya hema kubwa ile meza ilikuwa imezungushiwa kamba. Sasa ilikuwa na majumba ya mbao laini, taa za vioo, na kigari moshi kilichojazwa ufunguo kikizunguka kwa kelele. Miti haikutikisika. Watu walishangilia. Melkiori alisimama na tai shingoni na kijiti mkononi, akieleza kwa Kiswahili, na Mzungu kando yake akitikisa kichwa bila kuelewa.

"Hivi ndivyo mji wetu utakavyokuwa," Melkiori alisema. "Hii ni stesheni. Hii ni bandari. Kule ni soko la Kariakoo. Na hizi ni karakana mpya za Gerezani."

Bi Sitara alisogea mpaka kamba ikamgusa tumbo. Hakuwahi kuuona mji kutoka juu, lakini njia ya sokoni aliijua. Alianzia kwenye soko, akarudi kwa kidole hewani: hapa kona, hapa msikiti, hapa unakata kuelekea karakana. Kidole kikasimama juu ya makumbi ya kijani.

"Melkiori. Kwangu ni wapi?"

Karani aliendelea kueleza habari za bandari.

"Nimekuuliza. Nyumba yangu iko wapi?"

"Bi Sitara, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ndiko ninakokuuliza. Kuko wapi?"

Watu wakaanza kugeuka. Melkiori akasema kwa sauti ya chini, "Hapo. Itakuwa bustani."

Bi Sitara aliitazama mikono yake, mikono ile ile iliyotoboa na kushona pale. Mtu huyu alikuwa amekula wali wake. Alikuwa amemwekea chaki juu ya kitanda chake, juu ya kisima chake, juu ya ukumbi alimozaliwa, na akasimama kando akimpa uzi.

"Muulize Mzungu wako," alisema. "Mwambie mimi ndiye niliyemsimamishia miti yake. Mwambie nyumba hiyo aliijenga baba yangu, Sadalla bin Mwinyimvua, na kwamba sijaambiwa neno na mtu yeyote. Muulize tunaenda wapi."

Melkiori akamgeukia Mzungu, akasema maneno matatu au manne. Mzungu akatabasamu, akainamisha kichwa kwa adabu kumwelekea Bi Sitara.

"Umemwambia nini?"

Melkiori akaiweka sawa tai yake.

"Maneno yangu yote yale yamekuwa hayo tu? Umemwambia nini?"

"Nimemwambia... unashukuru."

Waridi alitoa sauti kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akainama juu ya kamba ili aung'oe mti wa kwanza, lakini Bi Sitara alimshika mkono. "Acha. Nitapigana na makumbi mimi?" Kisha akaugeukia umati, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke aliyezoea kugombana uani na wapangaji: "Wenye nyumba Gerezani! Njooni muone mlipofukiwa! Njooni, karani wa watu atawaonyesha kwa kijiti!"

Walikuja. Walibanana mpaka kamba ikakatika, kila mmoja akidai kuonyeshwa kwake. Kigari moshi kiliendelea kuzunguka mpaka ufunguo ukaisha. Mzungu alimuuliza Melkiori jambo, na safari hii karani alizungumza kwa kirefu, na Mzungu akawa mwekundu mpaka masikioni. Wengine walisema baadaye kwamba karani alikuwa na moyo, alisema ukweli mwishowe. Bi Sitara hakukubali. Alikuwa amezitazama ngumi zilizomzunguka Melkiori, na aliona ni hizo ndizo zilizosema. Dakika chache baadaye shuka lilitupwa juu ya meza na askari wakalifunga hema.

Melkiori aliporudi nyumbani alikuta sanduku lake barazani, nguo zimekunjwa vizuri, kwa kuwa Bi Sitara hakutaka asemwe kwamba hajui kukunja.

"Shikamoo," alisema.

Bi Sitara alilisogeza sanduku kwa mguu.

"Ningekwambia, ungefanya nini? Ingezuia?"

"Ningejua," Bi Sitara alisema. "Wewe ulijua, ukanyamaza, ukanikalisha mimi nijizike kwa sindano yangu, ukaona raha kwamba miti haianguki. Mzungu wako simlaumu hata kidogo, hanijui. Wewe unajua mpaka chungu changu cha mchuzi. Chukua sanduku."

Alilichukua. Watu walisema amehamia Ilala. Bi Sitara hakuuliza, na kila alipotajwa alitema mate pembeni, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki.

Wazee wa mtaa walikwenda ofisini, wakarudi, wakaenda tena. Mpango ukachelewa, ukapunguzwa. Mwisho ilibomolewa safu moja tu, iliyopakana na karakana, na nyumba ya Waridi ilikuwamo. Ya Bi Sitara ilibaki. Mahali palipobomolewa pakarundikwa vyuma vya reli vilivyopinda, vikashika kutu.

Waridi akahamia chumba cha uani na vitu vyake vyote. Wiki ya kwanza walilia pamoja. Wiki ya pili waligombana juu ya nani awashe moto wa asubuhi, na Waridi akamwambia Bi Sitara kwamba mchuzi wake una chumvi nyingi, tena siku zote, ila wapangaji walikuwa wanamwogopa.